Aliyetumwa kufunga mradi akawaokoa ndege wa Morisi

Kama unafuga kuku wa kienyeji, msomaji, kuna siri moja unayoijua hata kama hujawahi kuketi ukaifikiria. Kuku akitaga na ukamwachia mayai yote, siku si nyingi huacha kutaga akaanza kuatamia. Lakini ukimwondolea mayai mapema, ukambakishia moja la kumhadaa, yeye huendelea kutaga kana kwamba hesabu yake haijatimia.

Siri hii, ambayo nyanya zetu hawakuisoma katika kitabu chochote, ndiyo iliyomwokoa ndege mmoja ambaye mnamo mwaka wa 1974 alikuwa amebakia kwa hesabu ya vidole vya mkono mmoja, na hata kidole kimoja kikazidi. Walikuwa wanne tu waliojulikana kuwa hai porini, na kati yao jike aliyekuwa akitaga alikuwa mmoja. Wanne, msomaji, ulimwenguni kote.

Ndege mwenyewe ni kozi wa Morisi, mwindaji mdogo ambaye wengi wetu tukimwona angani tungemwita mwewe tu na kukimbiza vifaranga ndani. Hana habari na vifaranga lakini. Mabawa yake ni mafupi, ya mviringo, yanayomwezesha kupenya katikati ya miti, na chakula chake kikubwa ni mijusi wa kijani wanaotambaa kwenye magome.

Kisiwa cha Morisi kiko mashariki ya Madagaska, katika Bahari hii hii ya Hindi inayopiga kuta za Fort Jesus. Huenda ulisikia habari zake shuleni ulipofundishwa juu ya dodo, yule ndege mnene asiyeweza kuruka. Waholanzi walitia nanga huko mnamo 1598. Mara ya mwisho dodo kuonekana, kwa mujibu wa wataalamu wengi, ilikuwa 1662. Ilichukua miaka 64 kummaliza.

Watu hupenda kusema kwamba mabaharia walimla dodo wakammaliza. Walimla kweli, lakini aliyemmaliza hasa si bunduki wala sufuria. Ni wanyama waliokuja na merikebu: nguruwe, panya na nyani, ambao walijipatia mayai ya bure kutoka kwa ndege ambao tangu kuumbwa kwao hawakujua adui wa miguu minne.

Baada ya Waholanzi walikuja Wafaransa, kisha Waingereza. Misitu ilifyekwa, ikapandwa miwa, na watumwa wakaletwa kuilima kutoka Madagaska, Msumbiji na pwani hii yetu ya Afrika Mashariki. Leo msitu wa asili ulio katika hali nzuri haufikii asilimia 2 ya kisiwa.

Kozi alivumilia yote hayo kwa karibu miaka 300. Kilichomvunja mgongo ni dawa. Katika miaka ya 1950 na 1960 dawa ya DDT ilinyunyizwa kwa wingi kisiwani kupambana na malaria na wadudu wa mashambani. Mdudu hula dawa, mjusi akamla mdudu, kozi akamla mjusi, na sumu ikazidi kulimbikizana kila hatua. Ndege mwindaji akiwa na DDT mwilini hutaga mayai yenye maganda membamba, yakapasuka chini ya mama anapoyaatamia. Mayai machache yaliyosalimika yalisubiriwa na nyani, panya, paka wa nyumbani waliogeuka mwitu, na nguchiro walioletwa kisiwani ili wawale panya.

Ndivyo mambo yalivyokuwa mnamo 1979 aliposhuka Morisi kijana mmoja kutoka Wales aitwaye Carl Jones. Alikuwa na umri wa miaka ishirini na kitu hivi. Alitumwa na Baraza la Kimataifa la Kuhifadhi Ndege, na kazi aliyopewa haikuwa ya kuokoa chochote. Mradi wa kozi ulikuwa umeanza miaka michache awali, ndege waliofungiwa ili wazaliane walikuwa hawajafaulu, na fedha zilikuwa zinaliwa bure. Jones aliambiwa aende akaufunge taratibu, awakabidhi wenyeji kilichobaki, kisha arudi nyumbani.

Usiwalaumu haraka waliomtuma. Mwaka huo huo wa 1979 kilichapishwa kitabu kiitwacho The Sinking Ark. Mwandishi wake, Norman Myers, alikuwa Mwingereza aliyeishi hapa Kenya kwa miaka mingi, kwanza kama afisa wa serikali ya kikoloni, baadaye kama mwalimu na mwandishi jijini Nairobi. Myers aliuliza swali ambalo wapenda wanyama wengi hawakutaka kulisikia: ikiwa fedha hazitoshi kuwaokoa wanyama wote, tutaanza na nani na tutamwacha nani? Akamtaja kozi wa Morisi kwa jina. Kwa maoni yake huenda ingekuwa heri kumwacha apatwe na lililokaribia kumpata, ili fedha hizo ziwasaidie mamia ya ndege wengine wenye matumaini zaidi.

Mgala muue na haki yake mpe. Myers hakuwa mtu asiyejali. Ni yeye aliyekuja kuwaonyesha walimwengu, mnamo 1988, kwamba kuna sehemu chache duniani zilizosheheni viumbe wasiopatikana kwingine, na kwamba huko ndiko fedha zielekezwe. Na nyumba yoyote iliyowahi kuwa na karo ya mtoto mmoja mkononi na wagonjwa wawili kitandani inaelewa hesabu aliyokuwa akiipiga.

Lakini Jones hakuwa mtu wa hesabu hiyo. Alikulia Carmarthen, na tangu utotoni alikuwa akiokota ndege waliojeruhiwa na kuwatunza nyuma ya nyumba ya wazazi wake. Alikuwa amefuga kozi wa Ulaya hadi wakazaana. Alipowaona wale wa Morisi hakuona ndege wa vitabuni waliokuwa wakingoja kufa. Aliona ndege aliowafahamu tabia zao: wanachokula, wanavyotaga, na kinachowakera. Hakuufunga mradi.

Alichofanya ndicho kile cha kuku. Kozi wa kisiwani waliobaki walikuwa wakitaga katika mashimo ya magenge marefu, mahali nyani hafiki. Watu walipanda huko kwa kamba, wakayachukua mayai ya kwanza na kuyaweka katika mashine ya kuangulia. Jike, kwa kukuta kiota kitupu, hakususa. Baada ya muda mfupi alitaga tena, na haya ya pili aliachiwa alee mwenyewe. Hivyo jozi moja ikawa inatoa vifaranga mara mbili kwa msimu mmoja.

Kuiandika ni rahisi. Kuifanya kulitaka subira ya mtu anayelea mtoto aliyezaliwa kabla ya wakati. Yai linapoatamiwa hupoteza maji kidogo kidogo. Likipoteza mengi kifaranga hukauka, likipoteza machache huzama humo ndani. Kwa hiyo mayai hupimwa uzito, na unyevu wa mashine ukaongezwa au kupunguzwa. Kinda likianguliwa linataka kulishwa vipande vidogo vya nyama kila baada ya saa chache.

Jones alifanya jambo jingine lililowashangaza waliozoea kuhifadhi wanyama kwa kuweka ua na kuajiri askari. Aliwalisha ndege wa porini. Kozi waliokuwa huru waliletewa panya weupe waliofugwa na vifaranga wa kuku wa siku moja, na wakazoea kumshukia mtu waliyemwona na panya mkononi. Jike aliyeshiba hutaga vizuri, na hilo pia mfugaji wa kuku analijua. Walitengenezewa masanduku ya kutagia, nguchiro na paka wakategwa karibu na viota, na makinda waliokuzwa kwa mkono walipelekwa msituni, wakawekwa katika sanduku na kuendelea kuletewa chakula hadi walipojifunza kuwinda.

Wapo waliokunja uso. Mnyama wa mwitu anayelishwa kwa mkono, walisema, si wa mwitu tena. Uhifadhi wa kweli ni kulinda msitu na kuviacha viumbe vijitafutie. Ni hoja nzuri pale ambapo msitu upo. Morisi ulikuwa umebaki kiraka.

Jones hakuwa peke yake katika kazi hiyo. Gerald Durrell, mwandishi mashuhuri aliyekuwa na bustani ya wanyama kisiwani Jersey, alikuwa ameitembelea Morisi katika miaka ya 1970 na shirika lake likamshika mkono. Wataalamu wa kozi wa shirika la The Peregrine Fund la Marekani nao walisaidia. Mnamo 1984 likaundwa shirika la wenyeji ambalo leo linaitwa Mauritian Wildlife Foundation. Serikali ya Morisi ilitoa mahali pa kufugia ndege hao huko Black River, na mnamo 1994 ikayatangaza makorongo ya Black River kuwa mbuga ya taifa.

Kufikia mwaka huo wa 1994 zaidi ya kozi 300 walikuwa wameachiliwa huru. Milima ya mashariki ya kisiwa, ambako ndege hawa walikuwa wametoweka tangu miaka ya 1950, ilipata kozi tena. Kazi ya kuwaachilia ilisimamishwa kwa sababu ambayo miaka 15 awali ingechekesha: walikuwa wametosha kujiendeleza wenyewe.

Ungedhani hapo mtu angepumzika. Lakini njiwa wa Morisi, mwenye manyoya yanayoelekea rangi ya waridi, naye alikuwa akizama. Mnamo 1990 walibaki karibu kumi porini, wakitaga katika kijisitu kimoja, na panya wakiyala mayai karibu yote. Njiwa hawa wakifungiwa si walezi wazuri. Basi mayai yao yakapewa njiwa wa kawaida wa kufugwa, ambao waliyaatamia na kuwalisha makinda ya wenyewe bila kuuliza. Msituni panya walitegwa, na nafaka zikawekwa mahali pa kulia. Kufikia 2018 njiwa hao walikuwa wamepita 400.

Kwa kasuku wa kijani wa kisiwa hicho hali ilikuwa mbaya vivyo hivyo. Katika miaka ya 1980 walihesabiwa kati ya wanane na kumi na wawili. Shida yao ilikuwa tofauti kidogo: kasuku huyu huangua makinda kadhaa, lakini chakula kikiwa haba hukua mmoja tu, wengine wakafa kiotani. Jones na wenzake waliwachukua wale waliokuwa wakielekea kufa, wengine wakawakuza wenyewe, wengine wakapelekwa kwa jozi ambazo hazikufanikiwa kuangua. Mashimo ya miti yaliyovuja yalizibwa na viota vikapuliziwa dawa ya nzi wanaonyonya damu ya makinda. Mnamo 2019 idadi ilikuwa zaidi ya 700.

Nimekupigia hesabu hizi, msomaji, ili uone namna kila ndege alivyotaka dawa yake. Hapakuwa na ufunguo mmoja wa kufungulia milango yote. Palikuwa na mtu anayekaa msituni siku nzima akiangalia kiota kimoja na kujiuliza: huyu kinda kafa kwa nini?

Swali hilo ndilo lililompeleka Jones na wenzake mbali zaidi na ndege, hadi kwa kobe. Karibu kilomita 22 kutoka Morisi kuna kisiwa kidogo kiitwacho Île Ronde. Hakikuwahi kufikiwa na panya, na kwa hiyo kilikuwa na mijusi na nyoka ambao kwingine walikwisha. Lakini watu walipeleka mbuzi na sungura huko, na hao wakala kila kilichochipuka hadi udongo ukaanza kusombwa baharini. Chatu mmoja mdogo, aina ambayo haikuwa mahali pengine popote, alionekana mara ya mwisho mnamo 1975. Mbuzi waliondolewa kufikia 1979, na sungura mnamo 1986 kwa msaada wa wataalamu kutoka New Zealand.

Mimea ikaanza kurudi, lakini si ile tu iliyotakiwa. Magugu ya kigeni nayo yalishangilia. Zamani wa kuyapunguza majani alikuwepo, kobe mkubwa wa Morisi, ila mabaharia walimla akaisha. Jones na wenzake wakapendekeza jambo ambalo kwa wengine lilikuwa kama kufuru: tumlete kobe mwingine ashike nafasi ya marehemu.

Aliyechaguliwa ni kobe wa Aldabra, kisiwa cha Ushelisheli. Kama umewahi kuzuru Haller Park huko Bamburi, Mombasa, unamjua. Ni wa jamii ya yule Mzee aliyefanya urafiki na Owen, kiboko mchanga aliyeachwa yatima na mafuriko ya tsunami ya Desemba 2004, urafiki uliotangazwa katika magazeti ya dunia nzima. Kobe hao waliachiliwa kwanza katika kisiwa cha Île aux Aigrettes kuanzia 2000, kisha Île Ronde mnamo 2007.

Huko Île aux Aigrettes matokeo yalimfurahisha kila mtu. Mipingo ya kisiwa hicho ilikuwa imekatwa kuni kwa miaka mingi, na iliyobaki ilikuwa ikiangusha matunda chini yake yenyewe, yakaozea hapo. Kobe waliyala matunda, wakatembea, na mbegu zikatoka mbali katika kinyesi, tena zikaota vizuri zaidi kuliko ambazo hazikupita tumboni. Utafiti uliochapishwa mnamo 2011 ulionyesha miche ya mipingo ikichipua sehemu ambazo mti huo ulikuwa umetoweka. Kazi iliyowashinda wakulima wa miti ikafanywa na mnyama asiyejua kukimbia.

Nasi hapa Kenya tuna sababu ya kuisoma habari hii kwa makini. Machi 19, 2018, kifaru dume Sudan alifariki dunia Ol Pejeta, Laikipia, akawaacha Najin na bintiye Fatu kuwa vifaru weupe wa kaskazini waliobaki duniani, wote majike. Tangu 2019 wataalamu wamekuwa wakitoa mayai ya kifaru, kuyatungisha maabarani kwa mbegu za madume waliokwisha kufa na kuyahifadhi katika baridi kali, kwa matumaini kwamba vifaru wa kusini watabeba mimba hizo. Ni kazi ya kustaajabisha, na ya gharama ya kustaajabisha pia. Kozi walikuwa wanne, na dume na jike walikuwepo. Tofauti hiyo inaonekana ndogo kwenye karatasi.

Kuna pia hirola, yule swala wa Garissa na Tana River ambaye hapatikani porini popote ila kwetu na labda ng'ambo ya mpaka wa Somalia. Idadi yao inakisiwa kuwa chini ya 500. Mnamo 2012 karibu hirola 50 waliwekwa ndani ya ua huko Ishaqbini, katika ardhi ya jamii, mbali na simba na chui, nao wakaongezeka. Bado ni wengi kuliko kozi wa 1974 mara mia na zaidi. Kwa kipimo cha Jones, hiyo ni saa ya asubuhi kabisa ya kuanza kazi.

Mwaka wa 2016 Jones alipewa tuzo ya Indianapolis, ambayo ni miongoni mwa tuzo kubwa kabisa kwa wahifadhi wa wanyama duniani. Yule aliyetumwa kwa muda mfupi alikuwa ameitumikia Morisi kwa karibu miaka 40. Machi 2022, jamhuri ilipotimiza miaka 30, kozi alitangazwa kuwa ndege wa taifa. Dodo alikuwa tayari kwenye nembo.

Hata hivyo, usidhani mambo yamekuwa raha mustarehe. Kozi wote wa leo ni kizazi cha ndege wachache mno, ndugu kwa ndugu, na damu isiyochanganyika ina madhara yake. Mnamo 2014 kozi alipandishwa tena katika orodha ya walio hatarini, baada ya kubainika kwamba idadi ilikuwa imeshuka chini ya 400. Kasuku walivamiwa na ugonjwa wa midomo na manyoya miaka ya 2000. Njiwa wanahitaji watu wa kutega panya na kuwawekea nafaka, msimu baada ya msimu.

Kisha Julai 25, 2020, meli ya Wakashio ikapanda mwamba kusini mashariki ya Morisi, na siku chache baadaye mafuta yake yakaanza kumwagika, yakielekea Île aux Aigrettes, kwenye kobe na mipingo ile. Wafanyakazi wa shirika walivuka na mashua, wakapakia miche kutoka kitaluni kwa maelfu na ndege wadogo waliokuwa hatarini zaidi, wakavivusha hadi kisiwa kikubwa. Baadaye mijusi kutoka visiwa vidogo vya jirani walisafirishwa hadi Jersey ili wazalishwe huko, iwapo kwao patakuwa hapakaliki. Wengi wa waliobeba miche hiyo walikuwa Wamorisi, vijana waliozaliwa wakati kozi tayari wanaonekana tena juu ya miwa.